Maswali ya Wasomaji: Kutoka Tamthilia ya Muziki Hadi Jukwaa la Tamasha

Barua za safari hii zimetoka kwa waimbaji wa tamthilia za muziki. Wapo wanaojiandaa na usaili, wapo walio ndani ya maonyesho yanayoendelea, na wapo wanaotaka sasa kusimama peke yao na kufanya tamasha. Yaliyohitaji maelezo marefu tumeyapa nafasi yake, na mengine tumeyajibu kwa ufupi.

Ndugu Wahariri, nimeitwa kwenye usaili. Tangazo linasema nije na vipimo 16 vya wimbo. Wimbo wangu una dakika tatu na nusu. Nikate wapi, na karatasi za mpiga piano niziandaeje?
*Soprano, usaili wa kwanza*

Anza kwa kuhesabu. Kipimo ni kile kipande cha nota kilicho kati ya mistari miwili ya wima. Nyimbo nyingi za tamthilia zilizotungwa kati ya miaka ya 1920 na 1950 zina sehemu kuu ya vipimo 32, iliyogawanyika mara nne kwa vipimo 8: wazo la kwanza, wazo lilelile tena, daraja linalokwenda kwingine, kisha wazo la kwanza linarudi kumalizia. Vipimo 16 vya mwisho basi ni daraja pamoja na marejeo, na humo ndimo kwa kawaida imo noti ya juu na ukamilisho wa hoja. Kwa wimbo wa aina hiyo huna cha kutafuta. Nyimbo za miaka ya karibuni hazifuati mpango huo. Tafuta mahali ambapo mhusika anabadili nia, anzia hapo, na uishie kwenye noti ya mwisho ya wimbo. Usianzie katikati ya sentensi. Kwa mwendo wa wastani, vipimo 16 vya mapigo manne huchukua sekunde 30 hadi 40. Wimbo wa polepole ukifika sekunde 45 jopo litavumilia, ila dakika nzima inaonyesha kwamba hukusoma tangazo.

Tuje kwenye karatasi. Mpiga piano wa usaili hakujui, na huenda hajawahi kuuona wimbo wako. Chapisha pande zote mbili, toboa, weka kwenye faili ya pete inayolala wazi bila kujifunga. Ukitumia mifuko ya plastiki iwe isiyong'aa, kwa sababu taa ikipiga kwenye plastiki inayong'aa nota hazisomeki. Mkato usiwe wa mishale inayomwambia aruke hadi ukurasa wa tano. Kata vipimo vyenyewe, vibandike vifuatane, kisha toa nakala safi. Onyesha wazi mahali pa kuanza, mahali pa kuishia, mwendo, na utangulizi unaoutaka: kipimo kimoja au viwili vya piano, au noti moja tu ya kukupa sauti.

Kosa linaloangusha wengi hutokea kwenye mashine ya kutolea nakala. Ukingo wa chini wa ukurasa hukatika na nota za mkono wa kushoto hupotea. Mpiga piano anabaki bila besi, nawe unaimba juu ya muziki usio na sakafu bila kujua kwa nini umepoteza sauti. Kagua kila ukurasa kabla hujatoka nyumbani.

Usimwombe akushushie ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umeandikwa, papo hapo. Ukitaka wimbo toni moja chini (hatua kama ya do hadi re), leta karatasi zilizokwisha andikwa katika ufunguo huo. Na unapompa mwendo, mwimbie mstari mmoja kwa sauti ndogo. Usimpigie vidole, kwa sababu moyo ukienda mbio vidole navyo huenda mbio, na utajikuta unaimba kwa kasi usiyoiweza.

Ukishavuka usaili huu, jenga faili ya kudumu yenye nyimbo sita au saba: wa polepole na wa haraka kutoka tamthilia za zamani, wa polepole na wa haraka kutoka za sasa, mmoja au miwili ya pop au roki, na mmoja wa kuchekesha. Kila mmoja uwe na nakala tatu, yaani vipimo 16, vipimo 32, na wimbo mzima. Jopo likisema "una kingine?", jibu liwe tayari mkononi.

Naimba kwa kusikia tu. Ni lazima nijue kusoma nota?
*Tenori wa kwaya*

Ukipata nafasi kubwa unaweza kufundishwa kwa rekodi. Ndani ya kundi la waimbaji, ndiyo, ni lazima, kwa sababu sauti za kundi hufundishwa siku za mwanzo tu za mazoezi, kwa kasi, na baada ya hapo kazi inahamia kwenye miondoko. Aliyelelewa na do-re-mi ya kwaya ameshafika nusu ya njia. Kilichobaki ni kujua do inakaa wapi kwenye mistari mitano kwa kila ufunguo, na kusoma urefu wa noti. Anza na urefu wa noti. Anayekosea noti moja hurudi haraka, lakini aliyepotea kwenye mapigo huvuruga wenzake wote.

Tuna maonyesho manane kwa wiki, siku mbili kati ya hizo yakiwa mawili kwa siku. Naanza wiki vizuri, ila ikifika siku ya tano sauti ya juu inakwaruza, na asubuhi naongea kama mtu mwenye mafua. Maji nakunywa mengi sana. Tatizo ni nini?
*Alto mwenye wasiwasi*

Maji unayokunywa hayagusi nyuzi za sauti. Yangezigusa ungepaliwa. Yanapita nyuma ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwenye umio, na faida yake huzifikia nyuzi baada ya saa kadhaa, kupitia damu. Chupa unayoimaliza dakika kumi kabla ya pazia kufunguliwa inaondoa ukavu wa kinywa tu. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Kinachofika moja kwa moja ni mvuke: vuta mvuke wa maji matupu, bila mafuta ya mnanaa wala dawa ya kuchua, kwa dakika 10, mara moja au mbili kwa siku. Hewa ya chumba cha kulala ikiwa na unyevu wa asilimia 40 hadi 60 inatosha. Kiyoyozi hukausha, na baadhi ya dawa za mafua na mzio hukausha zaidi.

Hata hivyo, kwa dalili ulizoandika, ukavu si mtuhumiwa wa kwanza. Sauti inayokwaruza asubuhi kabla hujaimba chochote mara nyingi inaelekeza kwenye asidi ya tumbo iliyopanda usiku, na ratiba ya maonyesho inaialika: unamaliza kazi usiku, una njaa, unakula kwa wingi, unalala. Mlo mkubwa uwe saa tatu hivi kabla ya onyesho. Baada ya onyesho kula kidogo, na zipite saa mbili hadi tatu kabla hujalala. Inua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15. Kurundika mito hakusaidii, maana kunalikunja tumbo na kuisukuma asidi juu.

Sauti ya juu kutangulia kuharibika nako kuna sababu yake. Ukiimba A iliyo juu ya C ya kati (ile ya katikati ya piano), nyuzi zako zinagongana mara 440 kwa sekunde. Shikilia noti hiyo sekunde kumi na zimegongana mara 4,400. Zikigongana kupita kiasi huvimba, zikivimba huwa nzito, na uzi mzito hautetemeki haraka. Kwa hiyo zinazoondoka kwanza ni noti za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo, huku zile za kupaza kwa nguvu zikibaki kwa muda na kukudanganya kwamba uko salama.

Hilo linakupa kipimo cha kila siku. Asubuhi, saa ileile, imba mstari mfupi wa wimbo mwepesi kwa sauti ndogo kabisa, katika eneo la juu la sauti yako ya kichwa, ukipanda nusu toni kila unaporudia. Andika noti ambayo sauti inaanza kuchelewa kutoka au kutoka na hewa. Noti hiyo ikishuka toni moja chini ya kawaida yako, siku hiyo punguza maongezi, na kwenye mazoezi ya mchana imba oktava chini au kwa wepesi. Usinong'one, kwa kuwa kunong'ona kwa nguvu kunaibana koo vilevile. Ikishuka zaidi na isirudi siku mbili au tatu, zungumza na meneja wa jukwaa, umpishe mwenzako wa akiba. Kufanya hivyo ni sehemu ya kazi, na kampuni iliyopangwa vizuri imeajiri watu wa akiba kwa ajili hiyo hasa.

Kabla ya onyesho, pasha sauti dakika 15 hadi 20. Dakika tano za mwanzo tumia mrija wa kunywea soda: chovya ncha sentimita mbili au tatu ndani ya maji, toa sauti kupitia mrija, panda na kushuka taratibu kama king'ora. Shinikizo linalorudi nyuma hutenganisha nyuzi kidogo, zikakutana bila kugongana kwa nguvu. Kisha ngazi za midomo inayotetemeka, kisha irabu, na mwisho misitari miwili mitatu ya nafasi yako. Siku ya maonyesho mawili usirudie yote kabla ya la pili, dakika tano za mrija zinatosha. Na baada ya pazia kufungwa, dakika tano nyingine za kushuka taratibu kabla hujaanza kuongea na watu. Mazungumzo ya kupigiana kelele mahali penye muziki baada ya onyesho huwachosha waimbaji kuliko onyesho lenyewe, na hili ndilo tunaloomba ulitazame kwanza.

Mambo mawili hayasubiri. Sauti ikikatika ghafla katikati ya noti, nyamaza kabisa na umwone daktari wa koo siku hiyohiyo au inayofuata, kwani huenda mshipa mdogo umepasuka ndani ya uzi, na kuimba juu yake kunaweza kuacha kovu. Usimeze aspirini wala ibuprofeni kabla hujaonwa, maana zinachelewesha damu kuganda. La pili ni mkwaruzo uliozidi wiki mbili. Hapo daktari anatakiwa kuziangalia nyuzi zikitetemeka, kwa kamera yenye mwanga wa kumetameta. Ikionekana kuna vinundu, usishtuke: matibabu ya kwanza kwa kawaida ni mazoezi na mtaalamu wa sauti, si kisu.

Mkataba wangu unasema niko kwenye kundi na pia ni akiba wa nafasi kubwa. Mwenzangu ni akiba lakini haonekani jukwaani kabisa. Tofauti iko wapi?
*Mgeni wa mikataba*

Akiba wako wa aina nne. Wewe ni wa kwanza: kila siku uko kwenye kundi, na mwenye nafasi akikosekana unapanda. Wa pili hana nafasi jukwaani, anasubiri jengoni au mahali ambapo anaweza kufika upesi, na kazi yake ni kufunika nafasi kubwa moja au chache. Wa tatu anafunika nafasi nyingi za kundi, pengine kumi na zaidi, na leo anaweza kuingia upande wa kushoto, kesho kulia, kwa sauti tofauti ya kundi. Tunamheshimu huyu kuliko wote, kwani kazi yake ndiyo ngumu kupita zote na makofi yake ndiyo machache. Wa nne ana siku zake zilizopangwa. Katika tamthilia ya *The Phantom of the Opera*, iliyofunguliwa London mwaka 1986, Sarah Brightman aliimba nafasi ya Christine maonyesho sita kwa wiki, na mwenzake akaimba mawili yaliyobaki, kwa sababu nafasi hiyo ni nzito mno kwa sauti moja mara nane.

Kwa upande wako, anza daftari leo. Kila tukio liwe na ukurasa wake: unaingia wapi, ukiwa umeshika nini, unasimama kwenye namba gani kati ya zile zilizoandikwa ukingoni mwa jukwaa, nani anakupita nyuma, mavazi yanabadilishwa kwa sekunde ngapi. Wanaopanda kwa mara ya kwanza mara chache husahau wimbo. Wanachosahau ni kiti kinachosogezwa gizani.

Nimecheza nafasi tatu kubwa na sasa nataka tamasha langu mwenyewe. Nimepanga kuimba nyimbo zote za nafasi hizo kama zilivyo. Nianzie wapi?
*Mezo, baada ya miaka kumi jukwaani*

Anzia kwenye hilo neno "kama zilivyo", kwa sababu ndilo litakalokuangusha.

Wimbo ndani ya tamthilia hujibu jambo lililotokea sekunde chache kabla. Mtu amefiwa, ameachwa, amegundua siri, kisha anaimba. Kwenye tamasha hakuna aliyeliona jambo hilo. Wimbo uliowaliza watu kila usiku unaweza kutua kimya. Upitishe kila mmoja kwenye swali moja: asiyejua hadithi ataelewa nani anaongea na nani, na anataka nini? Akielewa, uimbe bila utangulizi. Akihitaji sentensi mbili, zitoe. Akihitaji dakika tatu za maelezo, uache wimbo huo hata kama ndio uliokupa jina.

Ufunguo uliochapishwa nao si amri. Mara nyingi ulichaguliwa kwa ajili ya mwimbaji wa kwanza wa nafasi ile, au kwa sababu ya muziki uliotangulia. Kwenye tamthilia ulikuwa na dakika ishirini nje ya jukwaa kati ya nyimbo mbili kubwa, lakini kwenye tamasha utaziimba tano mfululizo. Shusha nusu toni au toni nzima palipo na haja, bila aibu. Ila jua gharama yake. Piano peke yake hushuka kwa urahisi, ingawa ukivuka toni moja na nusu nota za mkono wa kushoto huanza kuzama na kuwa tope, na mpangaji muziki anapaswa kuzitawanya upya. Kwa okestra ni kazi zaidi: fidla haina noti chini ya G iliyo chini ya C ya kati, kwa hiyo mstari ukishuka chini ya hapo lazima upewe chombo kingine, na sehemu ya kila chombo iandikwe upya. Agiza mapema, ukishaimba wimbo huo kwa piano katika ufunguo mpya mara kadhaa na kuridhika nao.

Sasa muda. Nyimbo 14 zenye wastani wa dakika tatu na nusu ni dakika 49. Maongezi tisa ya dakika moja na nusu ni dakika 13 na ushee. Makofi ya sekunde 20 kwa kila wimbo yanakaribia dakika tano. Umefika 68, na wimbo wa kuongezea unakufikisha 72. Hilo ni tamasha kamili lisilo na mapumziko. Wengi hupanga nyimbo 20, wakasahau maongezi na makofi, na dakika ya 80 sauti inaanza kutetereka mbele ya wimbo mkubwa kuliko yote.

Wimbo wa kwanza uwe wa mwendo wa wastani, usiozidi dakika tatu, usio na noti ya kukutisha: fundi sauti anautumia kusawazisha, na hadhira kukuzoea. Mzigo mzito uwe kwenye theluthi ya pili. Usiweke nyimbo mbili za polepole zenye ufunguo mmoja zikifuatana, kwani sikio huzisikia kama wimbo mmoja mrefu. Maongezi yaandike neno kwa neno, yapunguze, kisha yajifunze hadi yasikike kama unayasema sasa hivi. Na usiongee kwa sauti ya chini inayokwaruza kati ya nyimbo. Weka maongezi karibu na sauti utakayoanza nayo kuimba.

La mwisho ni mtu wa kwenye piano. Mwimbaji Barbara Cook, aliyekuwa Marian wa kwanza katika tamthilia ya *The Music Man* kwenye Broadway, eneo la kumbi za tamthilia New York, mwaka 1957, alirudi kwa tamasha la ukumbi wa Carnegie Hall Januari 1975 na kuendelea kuimba kwenye matamasha kwa miongo kadhaa. Sehemu kubwa ya miaka hiyo aliifanya na mpiga piano na mpangaji mmoja, Wally Harper, hadi Harper alipofariki mwaka 2004. Kwa tamthilia unakuta kiongozi wa okestra ameshaajiriwa, lakini kwa tamasha unamchagua wewe. Tafuta anayepumua pamoja nawe, na ufanye naye mazoezi ya kutosha kabla hujaongeza besi na ngoma. Kisha pata angalau mazoezi mawili ya saa tatu na bendi nzima.

Naweza kuimba nyimbo za tamthilia kwenye tamasha bila kuomba ruhusa kwa kila mtunzi?
*Mwandalizi*

Mara nyingi ndiyo, mradi ukumbi una leseni ya chama cha hakimiliki za muziki, kama ASCAP kule Marekani au PRS Uingereza. Leseni hiyo inahusu nyimbo zinazoimbwa kama nyimbo. Ukivaa mavazi ya mhusika, ukaongeza maneno ya mchezo, au ukapanga nyimbo za tamthilia moja kwa mfuatano unaosimulia hadithi yake, umeingia kwenye haki za maigizo, ambazo huombwa kwa wenye tamthilia au wakala wao. Kubadili maneno ya wimbo pia kunahitaji ruhusa, na kuuza rekodi au kuweka video mtandaoni ni maombi mengine kabisa. Muulize mwenye ukumbi leseni yake inasema nini kuhusu nyimbo nyingi za tamthilia moja, kisha mpe orodha yako kwa maandishi kabla tiketi hazijauzwa.

Nimezoea maikrofoni ndogo ya kwenye nywele. Kwenye tamasha la kwanza nilipewa ya mkononi na kila mtu akasema sauti ilikuwa nzito na haieleweki. Nilikosea wapi?
*Baritoni*

Ile ya kwenye nywele haisogei: ipo palepale kwenye paji la uso, na fundi ndiye anayepandisha na kushusha. Ya mkononi unaipandisha na kuishusha wewe. Maikrofoni nyingi za mkononi huongeza besi kadiri mdomo unavyokaribia, na kwa sauti kama yako besi hiyo inafunika konsonanti. Kwa mistari laini ishike sentimita tatu hadi tano kutoka mdomoni. Kwa noti ya kupaza isogeze hadi 15 au 20. Umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kwa takriban desibeli 6, kwa hiyo isogeze kabla ya noti, si ndani yake. Usifunike kichwa chake kwa kiganja. Hapo inaacha kuchagua upande wa kusikiliza, na spika zinaanza kupiga mluzi.

Kuna pia kutojisikia. Mtu asiyejisikia hupaza bila kukusudia, na waliotoka kwenye tamthilia wamezoea kuutupia sauti ukuta wa nyuma. Mwimbaji Ethel Merman alipoingia Broadway mwaka 1930 hakuwa na maikrofoni, alilazimika kufanya hivyo. Wewe huna haja hiyo. Kwenye majaribio ya vyombo usihesabu "moja, mbili". Imba mstari wako wa chini kabisa, kisha ule wa kupaza kuliko yote, ongea kidogo kama utakavyoongea na hadhira, ndipo umwambie fundi unachohitaji kwenye spika ya miguuni kwako: sauti yako kwanza, piano ya pili, na ngoma kidogo tu. Mwombe pia akupandishie wewe kabla hajawapandishia bendi.